Daktari wa Jicho Moja Aliyeuliza Habari za Choo: Maisha ya Denis Burkitt



Leo nataka kukusimulieni maisha ya mtu ambaye wengi wetu hatukumjua hata kwa jina, ingawa wazee wetu waliokaa Uganda huenda walipishana naye njiani. Ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Sababu yangu ya kumsimulia ni ya nyumbani, na nitaisema mapema.

Mdogo wangu, niliyempita miaka saba, alianza kuona damu chooni. Tulikuwa hapa hapa Ibra. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alijiamulia mwenyewe kuwa ni bawasiri, akanunua dawa ya kupaka. Damu ikakoma, ikarudi, ikakoma tena. Akakaa hivyo zaidi ya mwaka. Alipokubali kwenda kupimwa, mwaka 2009, alikuwa na miaka 48, na saratani ilishatoka kwenye utumbo mpana ikafika kwenye ini. Alifariki 2011, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika siku zake za mwisho aliniambia kuwa hakuogopa maradhi wala hakuogopa kisu. Aliona haya tu kumsimulia mtu mwengine mambo ya haja kubwa.

Mtoto wake mkubwa sasa ametimiza miaka 38. Madaktari wanashauri kuwa mtu ambaye mzazi wake aliugua saratani ya utumbo mpana aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua mzazi wake, lolote litakalotangulia. Toa 10 kwenye 48, utapata 38. Yaani ni sasa. Lakini kijana anasema yeye mzima, na kipimo chenyewe ni cha aibu. Nikaona badala ya kugombana naye nimsimulie habari za Bwana Burkitt, maana sijaona mtu aliyeipiga vita aibu hii kama yeye.

Mtoto wa mtu aliyechora ramani ya ndege

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja ya wilaya, lakini kilichompa jina ni mapenzi yake kwa ndege. Mzee huyo aliwavisha ndege wa bustanini kwake vipete vya chuma miguuni ili amjue kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha nani anaishi wapi na mpaka wake unaishia wapi. Kumbukeni neno hili ramani, maana litarudi.

Denis alipokuwa na miaka 11, watoto walikuwa wakirushiana mawe, jiwe likampiga kwenye miwani. Jicho la kulia likaharibika moja kwa moja. Akabaki na moja.

Alianza chuo Dublin mwaka 1929 akisoma uhandisi kama baba yake, na hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Baada ya mwaka akabadili, akasoma udaktari, akamaliza 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji Edinburgh. Alikuwa mtu wa dini, Mkristo mshika ibada, na aliamini kazi yake iko Afrika. Alipoomba nafasi kwenye huduma ya kikoloni Afrika Magharibi akakataliwa, kwa sababu daktari mpasuaji gani ana jicho moja? Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, jeshi likamchukua bila ya kusitasita, likamleta Kenya na Somalia. Wakati wa likizo akaitembelea Uganda. Akaipenda.

Mwaka 1946 akapewa kazi Lira, kaskazini ya Uganda, yeye daktari na wilaya nzima. Huko ndiko damu ya baba yake ilipoanza kuonekana. Aliwafanyia upasuaji wanaume wengi wenye mshipa wa maji, yaani busha. Daktari mwengine angepasua, akashona, basi. Yeye aliuliza kila mmoja anatoka kijiji gani, akagundua kuwa upande mmoja wa wilaya ugonjwa umejaa na upande wa pili ni nadra. Akachora ramani. Kwake yeye, mahali anapotoka mgonjwa palikuwa ni sehemu ya maradhi yake.

Mwaka 1948 akahamishiwa Mulago, Kampala.

Taya zilizovimba

Mimi nilizaliwa Jinja mwaka 1954, mwaka ule ule lilipofunguliwa bwawa la umeme la Owen Falls. Baba alikuwa na duka la nguo. Watu wa Ibra tulikuwa tumetapakaa bara nzima wakati huo, wengine Tabora, wengine Kongo, wengine Uganda. Nilipokuwa na miaka sita hivi, mtoto wa jirani yetu, mwanamke wa Kisoga aliyekuwa akimsaidia mama, alivimba taya. Mwanzo walisema jino. Halafu meno yakaanza kulegea, uvimbe ukapanda mpaka jicho likasukumwa nje. Mama alikuwa akimpelekea uji kwa kikombe, maana kutafuna hakuweza. Ndani ya wiki chache alikuwa ameshazikwa. Mama aliliita lile donda la jicho baya, na mpaka anafariki hapa Oman hakujua jina lake lengine.

Jina lake lengine ni limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita Burkitt wodini akamtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Jipu halishambulii pande nne kwa pamoja, na saratani aliyoijua yeye haifanyi hivyo pia. Alipiga picha, akaandika, mtoto akafariki. Wiki chache baadaye alikuwa kwenye hospitali ya Jinja, mji wetu, akachungulia dirishani akaona mtoto wa kike amekaa na mama yake, taya zimevimba vile vile. Akatoka mbio. Alipompima akakuta na tumboni mna uvimbe. Hapo akajua kuwa mara ya kwanza huweza kuwa ajabu, lakini mara ya pili ni jambo la kufuatwa.

Akarudi kwenye madaftari ya Mulago, akakuta watoto wengi waliokufa na uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo, kila mmoja ameandikiwa jina lake la ugonjwa. Yeye akasema huu ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza, na ulimwengu haukushtuka.

Gari kuukuu na maili 10,000

Hapo akafanya jambo ambalo baba yake angelifurahia. Kwa msaada wa pesa kidogo sana alichapisha karatasi zenye picha za watoto wale, akazipeleka kwa posta kwenye hospitali kote Afrika, akiuliza swali moja tu: mmeuona ugonjwa huu? Majibu yakaja, naye akawa anachomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikafanya mkanda katikati ya Afrika, kutoka magharibi mpaka mashariki, na mkia ukashuka upande wa Msumbiji.

Mwaka 1961 akanunua gari la Ford lililokwisha tumika, kwa pauni 250. Yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaondoka Kampala. Walisafiri wiki 10, maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, wakapita Tanganyika, Rhodesia, Nyasaland, Msumbiji mpaka Afrika Kusini, wakarudi. Waliingia hospitali zaidi ya 50, na kila walipofika walionyesha zile picha.

Walichokiona ni hiki. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye milima ya kiasi cha mita 1,500. Walipozidi kwenda kusini, kwenye baridi zaidi, ulikoma kwenye vilima vifupi zaidi. Mwishowe jibu lilikuwa joto na mvua: pasipopata joto la nyuzi 15.5 hata wakati wa baridi, na mvua ya sentimita 50 kwa mwaka, ugonjwa haupo. Na mipaka hiyo ni mipaka ya mbu. Saratani yenye mipaka ya mbu! Kila mtu akauliza: basi ni kijidudu gani?

Jibu lilianzia London. Mwezi wa Machi 1961, kabla ya ile safari, Burkitt alitoa mhadhara Hospitali ya Middlesex, na mtu mmoja aliyekaa nyuma, Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya kuku, alishindwa kukaa kitako kwa hamu. Wakapatana, Burkitt awe anampelekea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili Epstein hakupata kitu. Disemba 1963 ndege ikakuta ukungu London, ikatua Manchester, kifurushi kikachelewa kwa saa kadhaa. Kilipofika, maji ya ndani yamekuwa mawingu, ishara ya kuoza. Wengine wangemwaga. Epstein akaweka tone chini ya darubini, akakuta si uozo, bali ni seli hai za saratani zimejitenga zinaelea. Akaweza kuzikuza. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi kilichomo ndani yake, kinachoitwa mpaka leo kirusi cha Epstein na Barr. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kina mkono katika saratani ya binadamu.

Lakini hapa pana fumbo, na ndipo linapoingia suala la jeni. Kirusi hiki karibu kila mtu mzima duniani anacho, wewe na mimi. Wengi wetu tulikipata utotoni kwa mate tu na hatukuumwa. Kwa nini basi kimuue mtoto wa Jinja na kisimuue mtoto wa Nizwa? Wanasayansi walikuja kufahamu kuwa malaria inayorudia rudia inazichosha na kuzichochea seli za kinga zilizobeba kirusi, zinazaana kwa fujo, na katika fujo hiyo hutokea kosa. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni inayoamrisha seli izaane kinakatika na kuhamia mahali pengine, mara nyingi kromosomu ya 14, na huko jeni hiyo haizimiki tena. Kosa hili lilibainika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo kirusi peke yake hakitoshi, malaria peke yake haitoshi, na jeni haiharibiki bure. Vitatu lazima vikutane.

Burkitt hakungoja fumbo litatuliwe ndipo atibu. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, akajaribu dawa za saratani zilizokuwa mpya wakati huo, na watoto ambao jana walikuwa hawatambuliki sura wakanywea uvimbe ndani ya siku chache. Wengine walipona kabisa kwa dozi chache tu. Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo cha kutibu ugonjwa huu, ambacho ndicho mzizi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Mtoto wa jirani yetu alikufa miaka michache mapema mno.

Swali la choo

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akarudi London. Mtu mwengine angeishi kwa sifa zile mpaka mwisho. Yeye alikutana na daktari mstaafu wa jeshi la maji, Peter Cleave, aliyekuwa akisema kuwa magonjwa mengi ya Wazungu yanatokana na sukari na unga mweupe. Wenzake walimwona Cleave ana wazimu kidogo. Burkitt akakaa akafikiri juu ya miaka yake 20 Uganda: ni mara ngapi amempasua mwanakijiji kwa saratani ya utumbo mpana? Mara chache sana. Na Uingereza? Wodi zimejaa.

Akarudi kwenye njia yake ile ile. Akawa anaandikia hospitali zaidi ya mia za Afrika na Asia, akiuliza wanaona nini na hawaoni nini. Lakini safari hii aliongeza swali ambalo mabwana wa London walikuwa hawalisemi mezani: watu wenu wanakwenda choo vipi? Mara ngapi, kiasi gani, kigumu au laini? Yeye na wenzake waliwapa watu vipande vidogo vya plastiki wavimeze, kisha wakakusanya vinyesi na kuvitazama kwa eksirei wajue chakula kinachukua muda gani kupita. Walivipima vinyesi kwa mizani. Mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi. Mwanajeshi wa maji wa Kiingereza alitoa gramu 100 na kidogo, na chakula kilikaa tumboni siku tatu na zaidi. Matokeo yalitoka 1972. Burkitt alikuwa akipiga picha vinyesi vijijini na kuzionyesha kwenye mihadhara, mbele ya mabingwa wenye tai. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, kisha akaendelea na somo.

Tofauti, alisema, ni nyuzinyuzi: ile sehemu ya nafaka, kunde, mboga na matunda ambayo tumbo letu haliwezi kuisaga. Na mwaka 1971 alishaandika kuwa bakteria wa utumboni wamo katika shauri hili, kwamba chakula kinabadilisha bakteria, na bakteria hao wanaweza kugeuza asidi za nyongo zikawa sumu, na sumu hiyo ikikaa siku tatu ikigusana na ngozi ya utumbo, madhara yatatokea.

Haikuwa kila kitu alichosema ni sawa, na lazima niseme ukweli. Wakosoaji walimwambia kuwa Afrika ya wakati ule watu wengi hawakufika umri wa saratani, na hospitali zilikuwa chache za kuigundua. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1999 na 2000 tafiti kubwa za Marekani hazikuona faida ya nyuzinyuzi dhidi ya saratani hii, magazeti yakasema Burkitt kakosea. Mwaka 2003 utafiti mkubwa zaidi wa nchi kadhaa za Ulaya ukaonyesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanaugua kidogo zaidi. Leo wataalamu wengi wamesimama upande huo, hasa kwa nafaka zisizokobolewa.

Kitu alichokosa Burkitt ni chombo cha kuwatazama bakteria wenyewe. Hicho tunacho sasa. Bakteria walio mwilini mwa mtu mzima wanakisiwa kufika trilioni 38, karibu wote wako utumbo mpana. Mwaka 2010 watafiti walisoma jeni za vijidudu kwenye vinyesi vya watu 124 wa Ulaya wakahesabu jeni milioni 3.3, kiasi cha mara 150 ya jeni zetu wenyewe. Kwa hiyo unapokaa kula, hujilishi wewe tu, unalisha na umma mzima ulio tumboni.

Umma huo una wema na waovu. Wapo wanaokula nyuzinyuzi na kutoa butireti, asidi ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo, na inatuliza uvimbe wa ndani. Wapo baadhi ya E. coli wenye jeni za kutengeneza sumu iitwayo kolibaktini, na mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walionyesha kovu za sumu hiyo ndani ya jeni za saratani za watu. Yupo bakteria wa mdomoni, Fusobacterium, ambaye tangu 2012 anakutwa amejazana ndani ya uvimbe wa utumbo mpana. Na tumboni juu yupo Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda na saratani ya tumbo, naye anatibika kwa dawa.

Mwaka 2015 ulitoka utafiti ambao Burkitt angelia kwa furaha. Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipokula nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, butireti yao ilipanda mara mbili na nusu, na ukuta wa utumbo ukapoa. Wanakijiji walipolishwa kimarekani, mambo yakaenda kinyume. Wiki mbili! Haikuthibitisha kuwa saratani imezuiliwa, lakini ilionyesha jinsi umma ule unavyobadilika haraka.

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Na sisi huku?

Sasa tujitazame. Hapa Oman saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa zile zinazoonekana zaidi, kwa wanaume hasa. Na chakula chetu kimekwenda wapi? Bibi zetu walikula tende na kahawa, mkate wa ngano iliyosagwa nyumbani, dengu, samaki, na mboga zilizoota kando ya falaj. Waliokuja kutoka Afrika walikuja na kunde, mbaazi, muhogo na mchicha. Watoto wetu wanaamkia paratha yenye chipsi na jibini ndani, mchana wali mweupe na nyama, usiku baga na soda.

Sisemi turudi kuishi zama za kabla ya 1970. Nasema nenda soko la wanawake la Jumatano hapa Ibra, nunua kunde, zipike kwa nazi kama mama zako. Changanya unga mzima kwenye mkate. Tende zina nyuzinyuzi nyingi, ila mwenye sukari azihesabu. Ongeza pole pole na unywe maji, maana tumbo lisilozoea hujaa gesi.

Lakini chakula hakitoshi, kama kirusi peke yake hakikutosha. Mdogo wangu alikuwa akila tende kila siku. Damu chooni, haja iliyobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, upungufu wa damu usioeleweka: usijipe jina la bawasiri mwenyewe, nenda ukatazamwe. Kipimo cha kamera huona vinundu kabla havijawa saratani, na daktari huvikata hapo hapo. Damu ya mdogo wangu ilitoka zaidi ya mwaka mzima. Sijui wakati huo kilikuwa kinundu au kimekwisha kuwa saratani, lakini angesema mapema, tungekuwa na nafasi.

Nilimsimulia yote haya mtoto wa ndugu yangu, siku kidogo kidogo, baada ya magharibi. Kilichomgusa si jeni wala trilioni. Ni yule mzee wa jicho moja aliyesimama mbele ya mabingwa na picha za vinyesi bila kuona haya, kwa sababu alitaka kujua nini kinaua watu. Mwisho akaniuliza kama baba yake angemjua mtu huyo, angesema. Nikamjibu huenda.

Amechukua miadi. Ni wiki ijayo, na mimi nitakwenda naye, kwa sharti nisimtaje jina hapa. Sikumtaja. Tuombeeni, na wewe msomaji mwenye mzazi au ndugu aliyeugua, fanya hesabu ile ya kutoa 10 leo hii.

Wassalaam alaykum.